Neno Ulilolikata

Mke mwenzangu Somoe,

Kisomo cha watu wazima tulifundishwa kuanza barua hivi: mimi huku ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Mwalimu alitukaririsha mpaka tukawa tunaiota. Leo maneno hayo hayafai. Kwako sina hofu tena, huko hakuna homa wala sindano. Wa kuhofiwa ni mimi. Basi naanza hivi: hofu iko huku Kilwa Masoko, wewe pumzika.

Nakuandikia ndani ya daftari lako, lile kubwa la jalada jeusi gumu, katika kurasa za nyuma ulizoziacha tupu. Usinune. Najua ulikuwa hutaki mtu aliguse, hata kulipangusa vumbi ilikuwa kesi. Sasa umelala makaburini na daftari limebaki kwangu, na mwandiko wangu mnene umeshaingia humo. Utanifanya nini?

Kuna jambo hujalijua, maana ulikuwa ndani ya sanda. Siku ile habari zilitoka Lindi zikafika hapa kabla ya gari lililokuleta. "Somoe amefariki." Na mji huu Somoe ni nani? Ni mimi. Wewe mjukuu wangu nilikupa jina langu, ukaenda nalo Dar kusoma, na watu hapa walizoea kukuita Dada Daktari ingawa udaktari wa kutibu hukuusomea. Basi wakajaa barazani wanawake wote niliowafunda, wao na binti zao, wanalia, "Jamani kungwi wetu! Jamani kungwi wetu!" Gari likafika. Nikawa wa kwanza kushuka. Mmoja akapiga ukelele akakimbilia chooni. Na jirani yetu Bi Zuhura, unamjua mdomo wake, akashika kifua akasema, "Alhamdulillahi, kumbe ni mtoto!"

Nilimtukana, Somoe. Nilimtukana na maiti yako bado iko garini. Nilimwambia maneno ambayo kungwi hayasemi mbele ya wanaume. Lakini moyoni nilijua kuwa wale waliokuja kunililia mimi ndio waliokuwa sahihi. Kosa lilikuwa la gari, lilibeba mtu siye.

Sasa ni miezi saba. Arobaini yako ilisomwa, wali ukatosha. Kitanda chako nimekiegemeza ukutani. Viatu vyako vyeupe vya maabara Bi Zuhura aliviombea binti yake, nikamwambia binti yake atembee pekupeku. Na mlonge wa uani nimeukata. Nimeukata mpaka kisiki, nikakimwagia maji ya chumvi kisichipue. Watu wanasema bibi karukwa na akili, mti wa dawa ule. Sababu nitakuambia wewe, na nitaisema polepole, usiniharakishe.

Ulivyokuja na habari kuwa unakwenda kusoma shahada ya pili, nilikuuliza unasoma nini. "Kinga ya mwili, Bibi." Nikasema hiyo haihitaji chuo, ni kula ukashiba na kulala ndani ya chandarua. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Lakini nilijua umeichagua kwa ajili ya nani. Ya mjomba wako Hamisi hatukuyazungumza, ila wote wawili tulikuwa tunayajua. Ulikuwa hujaanza shule, unamshikia beseni akitapika. Ukimwi ulipompata mwanangu vidonge vya kurefusha maisha vilikuwa havijafika kwetu. Kila nikimpeleka hospitali wananiambia, "Mama, kinga imeshuka." Nikirudi tena, "Imeshuka zaidi." Sikujua kinga ni nini, nilijua tu kuwa inashuka na mwanangu anashuka nayo. Siku ya mwisho nilimbeba mikononi kumpeleka uani kuoga, mtu mzima yule, mwenye ndevu, mwepesi kama ungo. Nikasema basi, imeshafika chini kabisa, haina pengine pa kushukia.

Neno hilo mimi halikunipitia sikioni tu. Nilizika nalo mtoto.

Likizo yako ya kwanza ulinikuta nakuna nazi. Ukavuta kigoda, ukasema, "Bibi, wewe si kungwi? Basi nitakuambia ninachosoma kwa lugha yako." Ukaweka kidole hapa kifuani. Ukasema nyuma ya mfupa huu kuna tezi, na tezi hiyo ni nyumba ya unyago. Askari wachanga wa mwili wanaingizwa humo kama wari. Wanafundwa. Wanaonyeshwa kila cha nyumbani: hili ni figo letu, hii ni ngozi yetu, hivi ni viungo vyetu. Atakayethubutu kukipiga cha nyumbani hatoki hai.

Nikasema, "Hao makungwi wenu wakali kuliko mimi."

"Wengi wanafia humohumo, Bibi. Wanaotoka ni wachache."

"Na akiponyoka mmoja asiyefundika?"

Ukanyanyua uso, macho yanang'aa. Ukasema hilo ndilo swali, hilo hasa, watu wanalisomea miaka. Ukasema wanaponyoka wengi tu, ila huko nje kuna askari wengine ambao kazi yao si kupiga. Kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Hao ndio uliokuwa unawasoma wewe. Watulizaji. Nikauliza kama mimi tezi hiyo bado ninayo, ukasema ilishanywea zamani, "Wewe nyumba yako ya unyago imefungwa, mke mwenzangu, unaishi kwa waliokwisha fundwa." Nikakurushia kifuu cha nazi.

Siku ile nilijivuna, sikufichi. Nilitembea sokoni najiambia: elimu yao ile ndefu, kumbe imekuja kuomba maneno kwangu.

Halafu ukarudi mwaka uliofuata na uso mwekundu. Shavu hili na shavu hili na juu ya pua, kama mtu aliyepakwa. Nikakuvamia hapohapo stendi, mkoba hujautua: "Umeanza mkorogo! Nimekutuma ukasome, wewe unajichubua!" Nilikusema wiki nzima kwa mkorogo ambao hukuupaka. Mpaka asubuhi moja ulishindwa kufunga kifungo cha gauni, vidole vimevimba kama ndizi mkono wa tembo, ndipo ukaniambia. Ukaniambia kwa sauti ya mwalimu, utadhani unasimulia habari za mtu wa mbali. Ugonjwa unaitwa lupasi. "Askari wangu wamenisahau, Bibi. Wananipiga mimi mwenyewe. Wameshafika kwenye figo."

Mtu aliyekwenda kuwasomea askari wa mwili, askari wale wale wakamgeukia. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga mtu. Nikakupikia chai.

Ulikuja kukaa kwangu uandike kitabu chako cha mtihani huku unajiuguza. Na vile vidonge. Vidogo, vyeupe, vya kila siku. Nikakuuliza vinafanya nini. Nawe ukanijibu ukiwa unatafuta kalamu, hata hukunitazama:

"Vinashusha kinga, Bibi."

Nikanyamaza. Ukadhani nimeelewa. Somoe, msomi mzima wewe, umeishi na mimi tangu unanyonya, hujui kuwa bibi yako akinyamaza kuna jambo? Nilipokuwa naelewa nilikuwa nagomba. Kunyamaza kwangu kulipaswa kukutisha.

Kuanzia siku hiyo nikawa navitazama vile vidonge kama mtu anavyotazama nyoka juu ya dari. Uso wako ukavimba mviringo kama chapati, watu wakisema kanenepa, kapona. Mimi naona uvimbe. Nywele zikabaki kwenye kitana. Vidonda vya mdomo vikakuzuia kumeza, ukaniomba vidonge niviponde niweke kwenye uji. Vidole vyako havikuweza. Nikawa naviponda kwa mgongo wa kijiko, kila asubuhi, mimi mwenyewe, kwa mkono huu, nakushusha kinga. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Hamisi alishushwa na ugonjwa. Wewe unashushwa na bibi yako kwa kijiko.

Mlonge ulikubali kuunywa. Nilikusagia majani, ukanywa na chai, ukasema, "Sawa Bibi, mlonge nitakunywa, lakini vidonge usiache hata siku moja. Hivi haviachwi ghafla." Nikasema sawa. Ulinisikia nikisema sawa.

Jumatatu moja nilikoroga uji wa mchele, nikavishika vidonge mkononi, nikavitia kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga. Nikafunika. Nikaweka kopo chini ya kanga zangu sandukuni. Nikakuletea uji.

Ukaonja. Ukanitazama.

"Bibi, leo uji hauna uchungu."

"Nimezidisha sukari."

"Asante, mke mwenzangu," ukasema, ukanywa wote, ukafuta bakuli kwa kidole.

Sijui niendelee vipi hapa. Nimekaa na kalamu mpaka chai imepoa.

Siku mbili ulikuwa vilevile, nikajisifu. Nikasema unaona, kumbe vilikuwa havina maana. Siku ya tatu ulitapika. Ya nne ukashindwa kusimama. Nikazidisha mlonge. Unasikia? Unaanguka, na mimi niko uani nachuma mlonge. Homa ikakupanda, miguu ikajaa maji, mkojo ukawa povu. Tukakodi gari mpaka Lindi, hospitali. Daktari kijana, mpole, akaniuliza mimi kwa sababu wewe ulikuwa umefumba macho.

"Bibi, shikamoo. Vidonge vyake anameza?"

"Anameza."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Hapo ukafumbua macho. Ukanitazama, si kwa hasira. Ningejua la kufanya na hasira. Ulinitazama kama ulivyotazama siku ile ya uji. Kisha ukayafumba.

Somoe, ulijua? Nakuuliza kwa jina langu mwenyewe. Mtu uliyesoma yale yote, ulimi wako haukukuambia? Kama ulijua ukanyamaza ili unistahi, basi ulinifanyia ubaya, heshima ya namna hiyo mimi sikukufunda. Na kama hukujua, basi ulikufa unaniamini, na hilo ni baya zaidi. Nimegeuza upande huu nimegeuza upande ule, sioni pa kulala.

Ulikata roho adhuhuri, wanagawa chakula wodini. Mtu wa chakula akaweka sahani yako. Alikuwa hajajua bado.

Basi tulipokuleta, baada ya yale ya garini, msiba ukakaa, na wanawake wakaanza kunong'ona. Si alikuwa anasoma kinga? Na ugonjwa wenyewe wa kinga? Ah, tunaujua huo. Tulimzika nao Hamisi nyumba hii hii. Nilipowasikia, nilisimama katikati ya mkeka. Nikasema kwa sauti ya ngoma, ile ambayo wari wanaiogopa: "Mjukuu wangu kinga alikuwa nayo tele! Vidonge vya hospitali ndivyo vilivyomshushia kinga, ndivyo vilivyomuua!"

Neno la kungwi hilo, nani alipinge? Na mama yako, binti yangu Mwanahawa, alikuwa amejikunja pale mlangoni, hajala siku mbili. Akainua kichwa akalipokea neno lile kama mtu anayepewa maji.

Nikajua ni uongo wakati ule ule ninaposema. Kopo lilikuwa sandukuni chumba cha pili. Lakini ulikuwa uongo uliokufuta wewe Ukimwi na kunifuta mimi kijiko, ukanikaa vizuri. Nikauacha.

Sasa sikiliza mavuno yake. Mama yako alirudi Mingoyo kwenye banda lake la korosho pale njia panda. Miezi ikapita. Siku moja wanaosafiri wakaniambia Mwanahawa siku hizi habangui mwenyewe, anawalipa watu. Nikampigia. Akasema vidole vimekaza asubuhi, havikunjiki mpaka jua lipande. Magoti pia. Nikamwambia nenda Lindi hospitali, leo, usingoje kesho. Akaenda. Akanipigia kutoka nje ya geti.

"Mama, wanasema ni ndugu wa ule wa Somoe. Bado haujashika figo. Wamenipa vilevile vidonge vilivyomuua mwanangu. Nimevitupa kwenye shimo la takataka hapahapa, waniue na mimi?"

Nikasema, "Pole, mwanangu."

Pole! Hilo ndilo nililokuwa nalo. Mimi ninayemsema kila mtu, ninayefokea mpaka kuku, nimeshika simu nasema pole. Nilikuwa na neno moja la kumwokoa nalo, na neno hilo lilikuwa linanimaliza mimi. Nikamwacha nalo wiki tatu. Nahesabu hizo wiki dhidi yangu.

Ndipo nikataka kukuandikia. Nilifikiri nikikuambia wewe, itatosha. Uongo mwingine huo. Nikatoa daftari lako, natafuta ukurasa mtupu. Mbele kote ni Kiingereza na vimviringo vyenye mishale, sikuambulia kitu. Karibu na mwisho nikaukuta ukurasa mmoja wa Kiswahili. Juu umeandika: Kijitabu cha kinga kwa watu wa nyumbani. Herufi zimelala huku na huku, za vidole vilivyovimba, maana yake uliuandika hapa kwangu, siku zile zile. Maneno yamepangwa. Tezi, nyumba ya unyago. Askari wasiofundika. Nikajiona mimi humo.

Halafu: vidonge vya kushusha kinga.

Na neno "kushusha" umelikata kwa wino mwekundu. Umelikata mara mbili, karatasi imechanika kidogo. Juu yake umeandika: kutuliza. Vidonge vya kutuliza kinga. Pembeni, herufi ndogo: "Kushusha linamtisha Bibi. Anamkumbuka Mjomba. Mwambie ni kutuliza, kama wale watulizaji." Na chini yake: "Kesho nimwambie."

Kwa nini kesho, wewe mtoto? Ulikuwa chumba cha pili na mimi! Ukipiga kikohozi nasikia! Au ulitoka ukaja kuniambia ukanikosa, niko uani kwenye mti wangu nachuma majani?

Kutuliza! Kutuliza nakujua mimi. Nimetuliza wari wanaolia ndani, nimetuliza wake waliokuja kwangu na kisu cha mume kwenye kanga, nimemtuliza babu yako alipotaka kumpiga mkwe. Hakuna aliyekufa kwa kutulizwa. Neno hilo ungenipa, ningekupondea vidonge vile mpaka kijiko kipinde. Ningempiga mtu atakayegusa.

Lakini nisikusingizie. Nimekaa na ukurasa ule siku nzima nakulaumu wewe na neno lako, na jua lilipozama nikajiambia, Somoe mkubwa, acha. Si neno lililofungua kopo. Wewe Somoe mkubwa ulikuwa na mdomo, ungeuliza. Kuuliza kulikushinda kwa sababu ulishazoea kuulizwa wewe.

Asubuhi nikapanda basi, daftari kwapani, kopo ndani ya kikapu. Sikumwambia mama yako kuwa nakuja. Mingoyo nikamkuta bandani, watu wawili wanabangua, yeye anapanga tu, vidole vimekakamaa kama makucha ya kuku. Akafurahi kuniona, Somoe. Alifurahi. Akanipa kiti. Nikamwambia tuingie ndani.

Nikaweka kopo juu ya kitanda. Nikalifungua. Nikasema, "Hivi ni vya Somoe. Havikumuua, kwa sababu hakuvimeza. Nilivitoa kwenye uji mimi. Daktari aliniuliza nikamdanganya. Msibani nikawadanganya wote. Aliyemuua mwanao ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Mama yako hakunipiga. Alichukua daftari nililomshikisha, akasoma ukurasa ule, midomo inatembea. Akausoma tena. Akapitisha kidole juu ya pale palipochanika. Kisha akabeba kopo akatoka nje, akavimwaga vidonge kwenye majivu ya moto wa korosho, akavifukia kwa mguu. Usiku ule alinipa chakula na mkeka, hakunipa neno.

Kulipopambazuka akajifunga kanga akaelekea kituoni. Nami nikamfuata nyuma, kama mbwa. Hospitali akaomba vidonge vingine. Yule yule daktari kijana. Nami nikamwambia pia, mbele ya mama yako, kuwa siku ile nilimdanganya. Akainamisha kichwa. Akasema, "Asante kwa kuniambia, Bibi. Nilijiuliza sana nilikosea wapi." Kumbe na yeye, miezi yote hiyo, nilikuwa nimemwekea mzigo.

Tuliporudi Mingoyo mama yako akachota maji, akaweka vidonge mdomoni, akameza, akafungua mdomo akanionyesha ulimi kama mtoto.

"Umeona, Mama? Nimemeza mwenyewe. Hakuna aliyenipondea."

Halafu akasema, "Sasa nenda Kilwa. Usije mpaka nikuite." Akarudi kwenye korosho zake. Nikaondoka na kikapu kitupu. Sikumlaumu. Ni mwanangu, nilimfunda mwenyewe asimchekee mtu aliyemwumiza.

Tangu hapo, kila asubuhi saa mbili, saa ya vidonge, nambipu. Inaita mara moja, anakata. Hapokei, hapigi. Anakata tu. Na mimi nikiona imekatwa najua yuko macho, ameshika simu, vidole vinafanya kazi. Ndiyo mazungumzo yetu. Wewe ulikata neno, yeye anakata simu, na mimi naishi kwa hivyo viwili.

Sasa nisikilize ahadi yangu, kisha nikuache. Jumapili Bi Zuhura anamtoa mwari wake. Wanawake wote watakuwepo, wale wale wa msibani, na wengine najua wameacha dawa zao kwa ajili ya neno langu. Mmoja wa pumu, mmoja wa presha, wameniambia wenyewe kwa fahari. Nitasimama katikati ya mkeka. Nitawaambia mjukuu wangu aliuawa na kiburi cha kungwi wao, na vile vidonge jina lake ni vya kutuliza, na asiyejua aulize. Baada ya hapo huenda nisiitwe tena kumfunda mtoto wa mtu. Na iwe hivyo. Nyumba ya unyago hufungwa, uliniambia mwenyewe.

Jana foleni ya maji bombani ilikuwa ndefu, saa mbili ikanipita nimeshika ndoo. Nikawa nasukumana nitoe simu. Kabla sijaifikia, ikalia kwenye pindo la kanga. Mara moja tu, ikakatika, kama ninavyombipu mimi. Nikatazama kioo. Mwanahawa.

Ndoo niliiacha pale. Sijui aliyeichukua.

Msalimie mume wetu, babu yako, mwambie nakuja, ila asinitayarishie sifa. Nawe nikifika usinikimbilie. Kaa, nitazame kama ulivyonitazama, na safari hii unijibu.

Ni mimi wajina wako, Somoe mkubwa, yule waliyekuja kumlilia.